Kunukuu mahojiano ya utafiti ukiwa Moshi au Arusha: mwongozo kamili kwa anayejitegemea

Moshi kuna hospitali ya rufaa ya KCMC na watafiti wake wa afya. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, na mashirika yasiyo ya kiserikali ya kila aina. Hawa wote, pamoja na wanafunzi wa shahada za juu wanaokuja kutoka vyuo vya nje, hurekodi watu wakizungumza: wakulima wa kahawa, akina mama kliniki, wagonjwa, wafugaji. Rekodi haichambuliki ikiwa sauti tupu. Lazima mtu aisikilize, aiandike neno kwa neno, na mara nyingi aitafsiri kwa Kiingereza. Mtu huyo anaweza kuwa wewe, ukiwa nyumbani Majengo au Njiro, bila kugombea kazi na dunia nzima kwenye majukwaa ya mtandaoni ambako bei huanza chini na kuzidi kushuka.

Wanaoshindwa kazi hii mara chache hushindwa na Kiswahili. Hushindwa na saa. Wanakubali bei na tarehe kabla ya kujua kazi itakula muda gani, kisha wiki ya pili wanakesha, wanaanza kukisia maneno, na mteja haiti tena. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inarudi kwenye swali moja: saa ngapi?

Pima kasi yako kabla ya kutafuta mteja

Chukua mahojiano ya redioni ya dakika 10 yenye watu wawili. Yaandike yote, pamoja na "eeh", "yaani" na maneno yaliyokatika, kisha yasikilize tena ukisahihisha. Pima muda wote, wa kuandika na wa kusahihisha. Anayeandika maneno 45 hadi 50 kwa dakika, kwenye sauti safi, atatumia dakika 50 hadi 60, yaani mara tano au sita ya urefu wa sauti. Ukitumia dakika 100, bado hujawa tayari kuuza; fanya mazoezi ya kibodi kwa wiki chache kwanza. Hakuna kifaa kitakachokuokoa kama vidole ni vizito.

Kisha rudia na kipindi cha mjadala chenye watu wanne au zaidi. Uwiano utapanda. Majadiliano ya kikundi ya watu wanane yaliyorekodiwa chini ya mti hufika mara nane hadi kumi, kwa sababu nusu ya kazi ni kutambua nani anasema.

Tena redio ni studio. Rekodi ya kijijini ina jogoo, mtoto anayelia, bodaboda, na kuanzia Machi hadi Mei ina mvua juu ya bati. Mvua ya bati ni adui mbaya kuliko wote: hujaza masafa yaleyale ya sauti ya mtu, na hakuna programu inayoitenganisha vizuri.

Kwa tafsiri, hesabu hivi: saa moja ya mazungumzo hutoa takriban maneno 6,000 hadi 7,500 ya Kiswahili. Kwa maneno 400 hadi 500 kwa saa, hiyo ni kama saa 15 za kazi, juu ya zile za kunukuu. Ndiyo maana anayesema "saa moja tu ya sauti, utaimaliza kesho" anaomba kitu kisichowezekana, na ni juu yako kumweleza kwa adabu.

Kupanga bei

Anza na fedha unayotaka ibaki mkononi kwa mwezi, kisha rudi nyuma. Tuseme Sh. 1,000,000. Ongeza gharama: bando, umeme, kuchakaa kwa vifaa, tuseme Sh. 140,000. Taasisi nyingi za hapa nchini zitakukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, kwa hiyo gawa 1,140,000 kwa 0.95, upate Sh. 1,200,000. Zuio hilo ni kodi ya mapato uliyolipa mapema. Dai cheti cha zuio kila mara, ukiwa na namba yako ya mlipakodi, ili TRA wakuhesabie mwisho wa mwaka. Wengi huacha cheti ofisini kwa mhasibu na kulipa mara mbili.

Sasa saa. Siku ya saa nane haina saa nane za kusikiliza. Masikio na akili vinachoka; saa tano ni siku nzuri. Kwa siku 20, baada ya kuondoa siku za kufuatilia wateja na ankara, unapata saa 100. Sh. 1,200,000 kwa saa 100 ni Sh. 12,000 kwa saa.

Mahojiano safi ya saa moja kwa saa sita za kazi ni Sh. 72,000, au Sh. 1,200 kwa dakika ya sauti. Majadiliano ya kikundi kwa saa tisa ni Sh. 108,000, au Sh. 1,800 kwa dakika. Tafsiri ya saa 15 pamoja na saa mbili za kuhakiki ni Sh. 204,000 zaidi. Tarakimu hizi ni za mfano, wala si bei ya soko, weka zako. Na kumbuka hesabu inadhani mwezi umejaa, jambo ambalo ni nadra mwanzoni.

Toza kwa dakika ya sauti. Ukitoza kwa ukurasa, mabishano yataanza kwenye ukubwa wa herufi na nafasi ya mistari. Ukitoza kwa faili, utaletewa faili la dakika 110.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusema ndiyo

Ujumbe mfupi unatosha: "Habari za kazi, Daktari. Nashukuru kwa kunifikiria. Kabla sijakupa bei, naomba kujua: jumla ya dakika za sauti, idadi ya wasemaji kwa kila rekodi, lugha zilizotumika, kama unahitaji kila neno au maandishi yaliyosafishwa, kama kuna kiolezo, na tarehe ya mwisho. Naomba pia kipande cha dakika tatu kutoka dakika ya 20 ya rekodi unayoona ni mbaya kuliko zote."

Dakika ya 20 imewekwa kwa makusudi. Mwanzo wa kila rekodi ni mhojaji akisoma fomu ya ridhaa, kinasa sauti kiko mbele yake, na kila kitu kinasikika kama kengele. Matatizo huanza mshiriki anapolegea kwenye kiti na kushusha sauti.

Swali la lugha ni la kupewa uzito kanda hii. Mzee wa Rombo anaweza kuanza kwa Kiswahili na akifika penye uchungu akahamia Kichaga. Anayejua Kimachame hawezi kuahidi kwamba atamwelewa Mrombo. Kuna pia Kimeru na Kimaasai upande wa Arusha, na Kipare kuanzia Mwanga kwenda Same. Kama kuna lugha usiyoijua, sema mapema, weka bei ya msaidizi kando, na msaidizi huyo naye asaini makubaliano ya usiri. Kuandika kwa kukisia Kichaga cha kijiji usichokijua ni kumchafulia mtafiti takwimu zake.

Jaribio la bila malipo likubali hadi dakika tano za sauti, basi. Dakika 30 za "jaribio" ni kazi ya bure.

Vifaa, kwa kifupi

Hedifoni zinazofunika sikio lote, za waya. Zile za kuingiza sikioni zinachosha na kuumiza. Kompyuta ya kawaida yenye kibodi nzuri. Pedali ya mguu, ya kusimamisha na kuendeleza sauti, inasaidia kazi ikishakuwa ya kila siku, lakini si lazima kuanza nayo. Programu ya oTranscribe ni ya bure na inafunguka ndani ya kivinjari: Esc husimamisha na kuendeleza sauti, F1 huirudisha nyuma, F3 na F4 hubadilisha kasi, na Ctrl+J huweka alama ya muda. Sauti haipakiwi popote, inabaki kwenye kompyuta yako. Ubaya wake ni kwamba maandishi hukaa kwenye kumbukumbu ya kivinjari. Ukisafisha historia, yameondoka. Yahamishie kwenye Word kila unapopumzika.

Audacity ni ya kusafisha sauti. Fanya kazi kwenye nakala, usiguse faili asilia. Kata masafa yaliyo chini ya hertzi 80 hadi 100 ili kuondoa ngurumo ya upepo na jenereta. Kwa kelele isiyobadilika kama feni, chagua sekunde mbili zenye kelele tupu, iambie programu hiyo ndiyo kelele, kisha punguza kwa desibeli 12 au chini yake. Ukizidisha, sauti za watu zinakuwa kama zinatoka ndani ya ndoo ya maji na utasikia vibaya kuliko mwanzo.

Angalia pia ukubwa wa faili kabla ya kupakua kwa bando. Saa moja ya MP3 ya kilobiti 64 ni kama MB 29. Saa hiyohiyo ikiwa WAV ya stirio yenye ubora wa CD inapita MB 600. Mwombe mteja wa mjini akupe kwenye flashi iliyofungwa kwa nywila.

Kunukuu kwenyewe

Sikiliza dakika tano za mwanzo bila kuandika, ili masikio yazoee lafudhi na ujue sauti ya nani ni ya nani. Kwenye majadiliano ya kikundi, chora duara la viti kwenye karatasi na uandike kitambulisho cha kila mtu kadiri wanavyojitambulisha: P1, P2, na sifa ya sauti yake, "nzito, anakohoa". Karatasi hiyo itakuokolea muda mwingi.

Mzunguko wa kwanza weka kasi ya asilimia 75 hadi 80, na sauti ijirudishe sekunde mbili au tatu kila unaposimama. Lengo ni usisimame kila neno. Mzunguko wa pili ni wa kasi ya kawaida, macho yakiwa kwenye maandishi. Huu ndio wengi wanauruka, na ndio unaokamata makosa ya hatari kweli: ukanushi. Kwenye rekodi mbaya, "ana dawa" na "hana dawa" hukaribiana sana, na mkono wa aliyechoka huandika lile analolitarajia. Mshiriki aliyeacha dawa anageuka kuwa anayezimeza, na hakuna atakayejua. Tarakimu na majina ya dawa nayo yasikilize upya hapa. Mzunguko wa tatu ni kwa sehemu ulizotia alama tu.

Kipande kisichosikika kijaribu mara tatu, ukiwa umebadilisha kasi. Kikikataa, andika [haisikiki 00:14:32] na usonge mbele. Kama unadhani umesikia lakini huna hakika, andika neno na alama ya kuuliza ndani ya mabano, pamoja na muda. Mtafiti alikuwepo siku ile. Akisikiliza sekunde hizo tatu atakumbuka.

Alama nyingine zinatosha kuwa chache: [anacheka], [kimya sekunde 6], [wanazungumza kwa pamoja], nukta tatu kwa sentensi iliyokatika. Muda uwekwe kila baada ya dakika mbili au pale kiolezo kinapoelekeza. Mhojaji awe M na mshiriki wa mahojiano ya mtu mmoja awe MS, kila msemaji aya yake. Usitumie majedwali wala visanduku vya maandishi. Watafiti huingiza faili kwenye programu za uchambuzi kama NVivo, na ukiweka jina la kila msemaji kwa mtindo uleule wa kichwa cha habari, programu itawapanga yenyewe. Jambo dogo hili humfanya mteja akurudie.

Kosa la kiungwana, na la kawaida zaidi kwa waliosoma, ni kurekebisha Kiswahili cha mshiriki. Amesema "mimi sijaendaga", andika "sijaendaga". Ametukana, andika tusi. Swali la mhojaji nalo liandikwe lilivyoulizwa, hata kama lilimsukuma mshiriki kwenye jibu, kwa sababu msimamizi wa utafiti anataka kuliona hilo hasa.

Programu zinazonukuu zenyewe

Whisper ya OpenAI, iliyotolewa Septemba 2022, inakijua Kiswahili kwa kiasi na inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta yako bila intaneti. Kwa sauti safi ya mtu mmoja inapunguza kuandika. Kwa majadiliano ya kikundi, au Kiswahili kilichochanganywa na Kichaga, kusahihisha huchukua muda uleule au zaidi. Tatizo lake kubwa ni kwamba penye kimya au kelele huweza kutunga sentensi kamili, zenye sarufi nzuri, ambazo hakuna aliyezisema. Macho hayazioni, masikio pekee ndiyo yanayoziona. Usiitumie bila idhini ya mteja, na huduma za kupakia sauti mtandaoni usizitumie kabisa kama ridhaa ya washiriki haikuziruhusu.

Usiri

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na rekodi ya mtu akieleza afya yake iko ndani yake. Saini makubaliano ya usiri kabla ya kupokea faili la kwanza. Funga folda kwa programu ya VeraCrypt, au 7-Zip yenye usimbaji wa AES-256, na nywila itumwe kwa njia nyingine, si kwenye barua pepe ileile. WhatsApp si njia ya kutuma mahojiano.

Majina badilisha kulingana na maelekezo: [mume wa mshiriki], [kituo cha afya], [kijiji]. Usiishie kwenye jina la mtu. "Mwenyekiti wa kitongoji mwenye duka la mbao karibu na soko" anatambulika na kata nzima. Na Moshi ni mji mdogo. Siku moja utasikia sauti unayoijua. Simamisha, mwarifu mteja, mwachie mtu mwingine faili hilo.

Kwenye tafsiri

Mitego miwili hurudi kila mara. Mshiriki akisema alifika kliniki saa mbili asubuhi, maandishi ya Kiswahili yabaki hivyo, lakini Kiingereza kiwe 8 a.m.. Tofauti ya saa sita imeshaharibu zaidi ya jedwali moja. Wa pili ni jinsia: Kiswahili hakimtofautishi "yeye" wa kiume na wa kike, na mfasiri anayekwenda kasi humfanya daktari mwanamume na muuguzi mwanamke. Tafuta ushahidi mbele au nyuma ya sentensi. Usipouona, muulize mhojaji.

Majina ya wenyeji ya magonjwa, kama degedege, yaache yalivyo na maelezo mafupi pembeni. Kuchagua ugonjwa wa kitabuni ni kazi ya mtafiti.

Ratiba inayotekelezeka

Jipimie kwa dakika za sauti, maana saa za kukaa mezani hudanganya. Dakika 45 za sauti kwa siku ni kiwango kizuri kwa anayechukua mara sita: saa nne na nusu za kazi nzito, na nusu saa ya kupanga faili. Mahojiano 12 ya dakika 50 ni dakika 600. Gawa kwa 45, unapata siku 14. Ongeza siku mbili za uhakiki wa mwisho na mbili za dharura. Mwambie mteja siku 18 za kazi, mpelekee faili mbili za kwanza mapema ili akurekebishe kabla hujarudia kosa mara 12.

Fanya dakika 45 hadi 50 za kusikiliza, kisha dakika 10 bila hedifoni. Rekodi mbaya ifanye asubuhi, nzuri ibaki mchana. Mahojiano ya ukatili au vifo usiyapange mawili siku moja. Uchovu wake si wa masikio.

Umeme ukikatika: kompyuta, modemu na taa vinakula kama wati 60. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200. Tumia nusu tu ili isife mapema, toa asilimia 15 inayopotea kwenye inveta, unabaki na Wh 510, yaani saa nane na nusu. Nunua betri ya sola, ya gari haitadumu kwa matumizi hayo.

Mteja wa Marekani akisema Ijumaa saa 11 jioni ya New York, kwako ni saa sita au saba usiku wa kuamkia Jumamosi, kutegemea majira yao. Andika saa ya Tanzania kwenye makubaliano.

Malipo

Omba asilimia 40 kabla ya kuanza na iliyobaki ndani ya siku 14 baada ya kukabidhi. Taasisi kubwa haziwezi kutanguliza. Zitakupa hati ya ununuzi na kulipa baada ya siku 30 au zaidi. Usianze bila hati hiyo, maana barua pepe ya mratibu haitambuliwi na mhasibu. Kwa kazi ndefu, toa ankara kila baada ya dakika 300 za sauti badala ya kungoja mwisho.

Mteja wa nje atalipa kwa SWIFT, yaani uhamisho wa benki wa kimataifa, au kupitia huduma kama Payoneer. Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kulipia tu, si ya kupokea, kwa hiyo usiitaje kwenye ankara. Kwa SWIFT, andika kwamba makato yote ni ya mtumaji, la sivyo benki za katikati zitajikatia dola kadhaa na utapokea pungufu. Jina la kwenye ankara lifanane na la kwenye akaunti, herufi kwa herufi.

Kwenye makubaliano weka pia kwamba marekebisho ya kusikika na kuandika ni bure kwa siku 14, lakini kubadilisha kiolezo baada ya kazi kukabidhiwa kunalipiwa kwa saa. Siku hizo zikiisha na fedha ikiwa imeingia, futa sauti na maandishi kwenye kompyuta, flashi na nakala za akiba, na umtumie mteja ujumbe wenye tarehe ukisema umefuta. Anauhitaji kwa faili lake la maadili ya utafiti.